Sura ya Tano: Mtoto Ameitwa Maseno, Tumnunulie Nini?

Barua ya kujiunga na chuo kikuu ikifika, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Meru na Embu huwa la karo. La pili hufuata usiku huohuo: sasa tumnunulie nini? Huliuliza mama anayechuma chai Kionyo, baba mwenye duka Runyenjes, na shangazi wa Siakago aliyekwisha kuahidi blanketi bila kujua kama huko aendako mtoto kuna baridi.

Swali hili huwa gumu zaidi chuo kikiwa mbali. Wanafunzi hugawiwa vyuo na KUCCPS, shirika la serikali linalolinganisha alama za mtihani wa KCSE, kozi alizoomba mwanafunzi na nafasi zilizopo. Mtoto wa Nkubu anaweza kuitwa Maseno karibu na Kisumu, wa Ishiara akaitwa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wa Maua akaitwa Egerton kule Njoro au Moi kule Kesses, nje ya Eldoret. Mara nyingi katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufika huko. Mzazi analazimika kununulia chumba ambacho hajakiona, katika mji asioujua.

Nitasema mapema ninaloamini, halafu nilieleze: nunueni vitu vichache kuliko mnavyodhani, na mbakishe pesa nyingi kuliko mlivyopanga.

Orodha mnayoikumbuka ni ya kidato cha kwanza

Barua ya chuo kikuu haina orodha ndefu ya vifaa. Hutaja karo, tarehe ya kuripoti, fomu za kujaza na vyeti vya kubeba. Kwa hiyo familia hushika orodha pekee inayoijua, ile ya kidato cha kwanza: sanduku la bati, godoro, ndoo, beseni, blanketi mbili, shuka mbili, sabuni za muhula mzima. Kwa kuwa chuo ni kikubwa kuliko shule, kila kitu huongezwa mara mbili.

Ile orodha ilikuwa na sababu zake. Mwanafunzi wa bweni alifungiwa ndani ya ua, asiruhusiwe kwenda dukani. Sabuni ikimwishia wiki ya tano, aliombaomba. Chakula je? Shule ilimlisha: uji asubuhi, githeri mchana, sukuma jioni. Vitu vilimpungukia, tumbo halikupungukiwa sana.

Chuo kikuu ni kinyume chake. Lango liko wazi na nje ya lango kuna maduka, mitumba, vibanda na mama mboga. Lakini hakuna anayempikia, wala kengele ya chakula. Atakachopungukiwa si ndoo, ni pesa ya kula. Mzazi anayetumia akiba yote kununua ndoo, sanduku na blanketi la tatu amemwandaa mwanawe kwa shida ya miaka minne iliyopita.

Sufuria iliingiaje kwenye mzigo?

Wazee waliosoma vyuo vikuu miaka ya 1970 na 1980 hushangaa kumwona mjukuu akibeba sufuria. Wao walibeba begi la nguo na vitabu. Malazi na chakula viligharimiwa na serikali au kwa mkopo wake, wakapokea na fedha za matumizi walizoziita “boom”. Mwaka 1991 vyuo vikuu vya umma viliingia katika utaratibu wa kugawana gharama, maana yake mwanafunzi na mzazi walianza kulipa sehemu ya kile kilicholipwa na serikali. Miaka hiyohiyo mabwalo ya chakula yakageuzwa kuwa ya kulipia kila sahani. Mwaka 1995 ikaundwa HELB, bodi inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Jiko likahamia chumbani kwa mwanafunzi.

Nayaeleza haya kwa sababu mjomba aliyesoma zamani akisema “huko kila kitu kipo” husema kweli ya enzi yake. Asikilizwe kwa heshima, lakini asipange bajeti.

Nendeni Ndagani mkaone

Njia rahisi ya kujua kinachouzwa karibu na chuo cha mbali ni kutazama kinachouzwa karibu na chuo cha jirani. Na sisi tunavyo. Chuo Kikuu cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, vilipata hati zao mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Embu kikapata yake mwaka 2016. Watoto wa Kakamega, Kisii na Kilifi huletwa hapa kama wetu wanavyopelekwa kwao.

Wiki ya kuripoti, tembea Ndagani, kitongoji kilicho mlangoni mwa chuo cha Chuka, au Nchiru penyewe. Utaona ndoo na beseni zimepangwa barazani, magodoro yamesimamishwa ukutani, neti, mito, henga, kamba za kuanikia, sufuria za saizi zote, ufagio, mtungi wa gesi. Wenye maduka wanajua wanafunzi wapya wanakuja na hujaza bidhaa wiki mbili kabla. Mtoto wa Kakamega akinunua ndoo Ndagani, hakuna haja ya wa Chuka kubeba ndoo mpaka Kakamega. Wafanyabiashara wa Kakamega nao wamejipanga.

Kuna na soko la pili ambalo wazazi wengi hawalijui. Wanaomaliza mwaka wa nne hawapendi kusafiri na godoro na jiko, kwa hiyo huviuza kwa bei ya chini kwenye makundi ya WhatsApp na kwa matangazo yaliyobandikwa ukutani. Mwanafunzi mpya akivumilia wiki moja, anaweza kupata jiko, meza na kiti kwa pesa ambayo dukani ingenunua jiko tu. Aone kitu kwa macho kwanza, ndipo alipe.

*Kwa ufupi: kikubwa, kizito na cha kawaida kinunuliwe huko. Kinachogusa mwili wa mtoto, karatasi zake na chakula cha shambani vitoke nyumbani.*

Vya kutoka nyumbani

Karatasi zitangulie kila kitu, kwa sababu ndizo pekee ambazo hakuna duka linaloziuza. Zitieni kwenye faili moja isiyopenya maji, ibebwe mkononi, isiwekwe kamwe kwenye buti la gari:

- barua ya kujiunga na chuo na fomu zote zilizojazwa, pamoja na ile ya daktari;
- matokeo ya KCSE na cheti cha kumaliza shule, asili na nakala;
- kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, asili na nakala;
- picha ndogo za pasipoti;
- stakabadhi za karo;
- uthibitisho wa usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kitambulisho kina uzito wa pekee. Bila hicho laini ya simu huwa ya jina la mzazi, akaunti ya benki haifunguki kirahisi, na maombi ya mkopo huwa na vikwazo. Aliyetimiza miaka 18 asisubiri barua ya chuo ndipo aende kwa chifu.

Pili, mwili. Miwani na nakala ya vipimo vyake. Dawa za mwenye pumu, kifafa au kisukari, za kutosha angalau mwezi mmoja, pamoja na barua ya daktari inayoeleza anachotumia. Taulo za hedhi za miezi miwili kwa msichana, maana hizi ndizo hukosekana pesa inapokuwa finyu, na wengi huona haya kupiga simu kuziomba. Jozi mbili za viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na ndara za bafuni.

Tatu, matandiko ya kwanza. Usiku wa kwanza mtoto atafika amechoka, asijue duka liko wapi. Awe na shuka pacha moja, blanketi jepesi na foronya. Kwa shuka, mimi nawapeleka wazazi Gakoromone au soko la Embu, upande wa mitumba. Shuka ya mtumba ya pamba halisi hudumu na hupitisha hewa, wakati nyingi za bei rahisi madukani ni za poliesta na huwasha mwili penye joto. Ikunjue uishike dhidi ya mwanga, utazame katikati, pale mgongo unapolala. Kama katikati kumepauka na kuwa kwembamba kuliko pembeni, irudishe.

Nne, chakula, na hapa msione haya kujaza mzigo. Ndengu za Mbeere, maharagwe, njahi, mchele wa pishori wa Mwea, unga wa uji wenye wimbi, njugu karanga, majani ya chai. Gorogoro mbili za ndengu na mbili za maharagwe, yaani takriban kilo nane, zitamshikilia mwanafunzi mmoja kwa wiki nyingi, na zimetoka kwa bei ya nyumbani au shambani mwenyewe. Nafaka ziwe zimekauka barabara. Unga wa mahindi msiuweke kwa wingi kwa anayekwenda Pwani. Joto na unyevu huleta wadudu upesi.

Na afundishwe kuzipika. Wiki mbili kabla ya safari aachiwe jikoni apike ndengu, chapati, mboga na wali, mvulana kwa msichana. Mwanafunzi asiyejua kupika hula chipsi kila siku, na pesa ya mwezi huisha kwa siku kumi.

Ulizeni hali ya hewa kabla ya kununua blanketi

Sisi wa miteremko ya Mlima Kenya hununua vitu vya baridi kwa mazoea. Kwa anayekwenda Njoro au Kesses, ni sawa kabisa: maeneo hayo yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai huko ni mkali. Blanketi zito, sweta mbili na soksi nzito zitatumika.

Kwa anayekwenda Kilifi au Mombasa, blanketi zito halitafunguliwa. Anahitaji shuka, nguo nyepesi za pamba, kofia, na feni ndogo ambayo atainunua hukohuko. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na ngozi hukauka, basi mafuta ya kujipaka yaongezwe. Sanduku la bati la kidato cha kwanza libaki nyumbani, kwani hewa ya bahari hula chuma.

Na sasa malaria. Pwani na katika kanda ya Ziwa Viktoria na magharibi, kama Maseno, Kisumu, Kakamega na Bungoma, malaria ipo mwaka mzima. Mtu aliyekulia huko ameumwa mara nyingi utotoni, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Mtoto wa Githongo au Manyatta, penye baridi na mbu wachache, hana kinga hiyo. Akiumwa na mbu mwenye vimelea, anaweza kuzidiwa haraka wakati mwenzake wa chumba anaendelea na masomo. Kwa hiyo neti iliyotiwa dawa ni kitu cha siku ya kwanza. Iwekwe juu kabisa ya begi, pamoja na kamba na misumari ya kuitundika. Kama kitanda ni cha ghorofa, neti ya mstatili hukaa vizuri zaidi kuliko ya mviringo.

Aambiwe pia, kwa maneno wazi: akipatwa na homa, kichwa kuuma, baridi ya kutetemeka au kutapika, aende zahanati ya chuo akapimwe siku hiyohiyo. Asimeze dawa za maumivu akingoja kesho. Hili ni la kurudiwa kwenye simu wakati wa mvua.

Godoro, jiko na koili

Kabla ya kununua godoro, pigeni simu. Hosteli nyingi za vyuo vya umma huwa na kitanda na godoro. Nyumba za kupanga nje ya chuo huwa tupu. Wengi wanaokosa hosteli hupanga bedsita, chumba kimoja chenye nafasi ya kupikia na choo chake. Huko atahitaji godoro, na litanunuliwa akishaona chumba. Futi 3 kwa 6 ndiyo saizi ya mtu mmoja, ingawa vitanda vingine ni futi mbili na nusu. Ulizeni godoro lina uzito gani wa povu: lile zito hugharimu zaidi lakini halibonyei kabla ya mwaka wa pili. Bonyeza kwa kiganja, achia, uone linainuka kwa kasi gani.

Jiko linalofaa bedsita ni mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ule wengi huuita meko. Haufai kubebwa ndani ya matatu iliyojaa watu. Ununuliwe kwa muuzaji anayejulikana karibu na chuo, ambako ndiko utakapojazwa tena. Mwenye duka auwashe mbele ya mwanafunzi, kisha apake maji ya sabuni kwenye maungio; mapovu yakitokea, gesi inavuja. Hosteli za ndani mara nyingi hukataza gesi kabisa, basi someni masharti kwanza.

Koili, ule waya wa umeme wa kuchemshia maji kwenye ndoo, usiingie kwenye mzigo. Nyaya za hosteli hazikujengwa kubeba koili 30 asubuhi moja, na maji yenye koili huweza kumpiga mtu umeme. Msimamizi akiikuta ataichukua, na atakuwa na haki. Jiko la makaa nalo lisiwashwe chumbani, hata usiku wa baridi wa Kesses. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala nayo huenda asiamke.

*Kwa ufupi: neti siku ya kwanza; godoro baada ya kuona chumba; gesi baada ya kusoma masharti; koili na makaa kamwe.*

Pesa ya wiki saba

Hapa ndipo wanafunzi wengi huumia. Vyuo vingi hufungua milango kwa mwaka wa kwanza Agosti au Septemba. Fedha za matumizi za HELB hutolewa baada ya mwanafunzi kusajiliwa na chuo kuthibitisha, na mara nyingi huchelewa wiki kadhaa. Bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka wa fedha ambayo wakulima hupata kupitia shirika la chai la KTDA, kwa kawaida huja Oktoba. Kwa familia ya Mungania, Rukuriri au Kinoro, mtoto anaondoka wakati mfuko uko chini kabisa.

Tuchukue mfano. Familia ina shilingi 40,000 baada ya karo na ada ya chumba, pamoja na michango ya jamaa na kanisa. Mimi ningegawanya hivi: 12,000 kwa vya kununuliwa nyumbani, 5,000 nauli ya mtoto na mzazi anayemsindikiza, 9,000 za kununulia vitu hukohuko. Zinabaki 14,000. Hizi zisipewe mtoto zote. Zikae kwa mzazi, zitumwe kwa M-Pesa shilingi 2,000 kila Jumatatu, kwa wiki saba, hadi bonasi au mkopo ufike. Pamoja na ndengu na mchele wa nyumbani, atakula.

Michango nayo iratibiwe. Shangazi akileta blanketi la pili na jirani la tatu, ni upendo ambao hautasafiri. Ni vizuri mtu mmoja wa familia, labda dada mkubwa, awaambie jamaa mapema kwa adabu: “Shangazi, blanketi tayari amepata. Ukipenda, mshikie nauli ya kurudi Desemba.” Shangazi wengi hufurahi kujua kinachohitajika.

Laptopu isiwakoseshe usingizi. Kozi nyingi zinawezekana muhula wa kwanza kwa simu nzuri na kompyuta za maktaba. Wa uhandisi au kompyuta ataihitaji mapema, na iliyotumika Ulaya inafaa ikiwa ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, betri inayodumu na dhamana ya maandishi. Angojee wahadhiri waseme ni programu zipi watatumia.

Kupita Nairobi na mzigo

Anayekwenda Nakuru au Eldoret kutoka Meru anaweza kupitia Nanyuki na Nyahururu bila kugusa Nairobi. Wa Pwani kwa kawaida hupita Nairobi. Matatu za Meru na Embu huwashusha abiria karibu na River Road, na stesheni ya treni ya kwenda Mombasa, iliyoanza kazi mwaka 2017, iko Syokimau, mwendo mrefu kutoka hapo. Pale stesheni mizigo hukaguliwa na mbwa na mashine, na visu vya jikoni au mitungi ya gesi havipiti. Kisu cha kukatia mboga kinunuliwe Kilifi.

Kipimo changu cha mzigo ni hiki: mwanafunzi aweze kuubeba mwenyewe, peke yake, kutoka gari moja hadi jingine, kwa safari moja. Begi moja la mgongoni lenye faili na simu, na begi moja kubwa. Akihitaji watu wawili kumbebea, atawapata River Road, lakini hatajua begi la tatu limekwenda na nani. Afike chuoni kabla ya saa kumi jioni, ofisi zikiwa wazi, na asitume amana ya chumba kwa mtu aliyempata kwenye simu tu. Kila Septemba wapo wanaokodisha vyumba visivyo vyao.

Kilichosahaulika kitamfuata. Kampuni za matatu na mabasi hupokea vifurushi, na vingi hufika kesho yake kwa mabadiliko ya gari Nairobi. Subirini wiki ya tatu, mtoto atume orodha ya vile ambavyo ameviona vinahitajika kweli. Tumieni gunia au katoni iliyofungwa kwa kamba, jina na nambari za simu za anayetuma na anayepokea zimeandikwa kwa kalamu nzito pande mbili. Msitie pesa wala vyeti ndani. Piga picha ya stakabadhi umtumie mwanafunzi, kwa sababu ofisi ya kule itaiulizia kabla ya kumkabidhi mzigo.